Sera ya Wakwe

Kwetu Handeni nikisema ninafanya kazi kwenye wingu, watu hutazama juu. Baba yangu mdogo, ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka mwaka huo, aliniuliza mbele ya watu msibani kama kampuni yetu haiwezi kulisogeza kidogo upande wa shamba lake. Nilimweleza kwa kirefu kwamba wingu hilo si la mvua. Ni majumba yaliyojaa kompyuta huko Dar es Salaam, ambamo watu huhifadhi kazi zao ili wasihangaike na mitambo yao wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kubwa kuliko niliyostahili.

"Kwa hiyo halinyeshi," akasema.

"Halinyeshi, baba."

"Basi mngelitafutia jina lingine."

Ningekuwa na akili, ningejifunza siku ile kwamba mimi na majina hatupatani. Sikujifunza. Nilirudi Korogwe, kwenye chumba ninachopanga nyuma ya duka la mbolea, nikaendelea kuandika violezo huku nikijiona mtu mkubwa.

Kiolezo, kwa asiyejua, ni maandishi unayoiachia programu inayoendesha mambo huko winguni. Unaiandikia: jenga hiki, kiunganishe na kile, na hizi hapa ni sera za kufuata mimi nikiwa sipo. Sera yenyewe husema inamhusu nani, inaamka jambo gani likitokea, inatazama hali gani, kisha inatenda nini. Watumiaji wakizidi, ongeza mashine. Mashine ikifa, washa nyingine. Ni sawa na mama anayesafiri na kuwaachia wanawe maagizo ya nyumba, isipokuwa wana hawa hawana akili hata chembe. Watafanya ulichosema, si ulichokusudia. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani sokoni, nilipomweleza hivyo aliniuliza, "Sasa hao si ndio watoto wazuri?" Nilicheka sana.

Mwaka ninaousimulia tulipata kazi ya maana. Zahanati moja ya binafsi pale Korogwe ilikuwa na mashine ya eksirei, ila haikuwa na daktari bingwa wa kusoma picha zake. Mfumo wetu uliichukua picha, ukaipeleka winguni, bingwa akaisoma akiwa Dar es Salaam, na majibu yakarudi. Kiolezo cha mfumo huo nilikiandika mimi, peke yangu, na nilihakikisha kila mtu anajua hivyo, hadi muuza chipsi wa stendi.

Zahanati ilikuwa na sharti moja kubwa. Kila picha iwe na nakala mbili, na nakala hizo zisikae jumba moja, ili jumba moja likiharibikiwa jingine libaki. Sera ya namna hii ina jina refu na baya kwenye vitabu vya kazi yetu. Mimi nikaipa jina langu: wakwe. Nilijipongeza kwa hilo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na akimwona njiani kwa mbali huchepukia vichakani kama mtu aliyebanwa na haja. Mimi mwenyewe, katika miaka sita ya ndoa, nilikuwa ninaujua mgongo wa mama mkwe wangu kuliko uso wake. Niliona nimepata mfano ambao mhandisi wa Ulaya asingeuota.

Lakini lugha ya violezo inakutaka useme jambo moja zaidi. Sera hii ni ya lazima, au ni ya ikiwezekana? Ukiandika lazima na nafasi ikakosekana kwenye jumba la pili, programu inakataa kabisa kuwasha nakala, na inapiga kelele mpaka meneja akupigie simu. Ukiandika ikiwezekana, inajitahidi kuzitenganisha, na ikishindwa inaziweka popote. Hapo ndipo usomi wangu ulipong'aa. Nikawafikiria wakwe wa kweli. Basi la kwenda Handeni likijaa, mkwe na mama mkwe hukaa kiti kimoja, mmoja akatazama dirishani, mwingine akatazama kofia ya dereva, na maisha yanaendelea. Mila zetu zina busara, nikasema, zinajua kupinda. Nikaandika ikiwezekana. Pembeni nikawawekea wenzangu maelezo ya mistari mitatu kuhusu hekima ya Wazigua. Maelezo hayo yapo hadi leo. Nimekatazwa kuyafuta, kwa sababu kila mwajiriwa mpya lazima aonyeshwe.

Niliongeza na sera nyingine ndogo: picha ikishafika winguni, kompyuta ya zahanati ifute ya kwake ili ibaki na nafasi. Hiyo niliiandika lazima.

Jumanne moja jumba la pili lilifungwa kwa matengenezo. Programu ikatafuta nafasi, ikakosa, ikasoma neno langu, ikawakalisha wakwe mkeka mmoja. Haikumwambia mtu yeyote. Imwambie nani, na ya nini, wakati imetii? Kesho yake, Jumatano saa tano asubuhi, umeme wa jumba la kwanza ulikatika ukarudi kwa kishindo, ukaunguza diski zote mbili. Picha za siku zilizotangulia zilikuwa na akiba mahali pengine. Zilizopotea ni za asubuhi ile tu, picha kumi na moja, na zahanati nayo ilikuwa imeshazifuta za kwake kama ilivyoamriwa.

Zahanati iliwapigia simu wagonjwa wote kumi na mmoja, ikawaomba radhi na kuwaomba warudi kupigwa picha upya bila malipo. Kumi walirudi kabla juma halijaisha. Wa kumi na moja alikuwa mama mkwe wangu, na yeye alisema harudi.

Alikuwa na kikohozi cha miezi mitatu. Makohozi yalikuwa yamepimwa na kifua kikuu hakikuonekana. Usiku alilala ameketi, na njia ya kwenda kisimani ilianza kumshinda. Daktari alitaka picha ya kifua, tena upesi. Mke wangu na kaka zake walimbembeleza majuma matatu kabla hajakubali kutoka kwake Mkumbara na kuja Korogwe. Nilijua amekuja. Nilijua ilikuwa Jumatano. Kujumlisha mambo hayo mawili hakuhitaji kompyuta, ila sikujumlisha.

"Picha ya mama imepotea," mke wangu aliniambia jioni ile, macho mekundu. "Wanasema ni mitambo ya Dar."

Nikasema watu wa Dar ni wazembe.

Nasikitika kueleza kwamba sikuishia hapo. Kwa siku mbili niliwalaani watu wa Dar pamoja na mke wangu, wakati wa kula na wakati wa kuosha vyombo. Siku ya pili nilifika mahali pa kusema kwamba watu wa aina hiyo wanapaswa kufukuzwa kazi, na mke wangu akaniambia nisiwe na moyo mgumu namna hiyo, huenda nao wana familia. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Siku ya tatu nilimfuata sokoni, nikasimama mbele ya cherehani yake, nikamweleza yote: wakwe, ikiwezekana, basi la Handeni.

Cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa Dar," akasema.

"Ni mimi."

"Basi nenda Mkumbara ukamwambie mama."

"Mimi? Nikaongee na mama mkwe?"

"Kaka zangu wameshindwa, mimi nimeshindwa. Aliyepoteza akaombe." Akaanza kushona tena, na kwa jinsi alivyokanyaga pedali nilijua mazungumzo yamekwisha.

Siku zote nikienda Mkumbara mke wangu hutangulia, na mimi husalimia nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Safari hii nilishuka barabarani peke yangu, nimebeba sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, na karatasi niliyochora majumba mawili kwa kalamu ya rangi. Nilikuwa nimepanga kumtumia jirani, mama mmoja mwenye sauti kubwa, ili yeye apokee maneno yangu na kuyafikisha. Jirani alikuwa amekwenda gulioni. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amenipa mgongo, anamenya kunde. Kila baada ya maganda machache aliacha kazi akakohoa, akashika kifua mpaka kikatulia. Sikuwa nimekisikia kikohozi kile kwa karibu. Niliona aibu.

"Shikamoo mama," nikauambia ukuta.

"Marahaba." Akavuta kitenge kufunika kichwa. Kisha akaangalia kulia na kushoto, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, akamgeukia mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya jiko. "Wewe mbuzi, muulize huyo baba, wa nyumbani hawajambo?"

Nikamwambia mbuzi kwamba wa nyumbani hawajambo.

"Muulize amekuja na habari gani peke yake. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mbuzi, mwambie mama nimekuja kuomba radhi. Ile picha yake niliipoteza mimi."

Akamenya kunde tatu, nne. "Muulize aliipotezaje. Ilimdondoka mfukoni?"

Nikachuchumaa, nikaitandaza karatasi chini kati yetu, nikaanza kumweleza mbuzi kuhusu majumba mawili ya kompyuta. Nilieleza vizuri, na nadhani ndiyo mara pekee nilipowahi kueleza kazi yangu bila kujisifu. Mbuzi alisogea, akasikiliza, akalichana jumba la pili na kulila. Niliendelea na lililobaki, nikagundua kwamba mchoro sasa ulikuwa sahihi zaidi.

"Kwa hiyo aliviweka vyote pamoja," mama mkwe akasema.

"Niliandika visikae pamoja ikiwezekana."

"Mbuzi, hivi huyu baba anajua wewe ni wa nani?"

"Wa mama," nikasema.

"Mwambie si wangu. Wewe ni wa dada yangu wa Lutindi. Wangu watatu wako kwake huko. Ugonjwa ukiingia hapa nitabaki na wa kule, ukiingia kule atabaki na wewe. Na mama yetu hakutuambia ikiwezekana. Alituambia pelekeni."

Nikaona bora niseme yote. Nikamweleza mbuzi kwamba sera ile niliipa jina la wakwe, kwa kuwa wakwe nao hawakai pamoja, na kwamba nilipofikiria basi likijaa nikaona hapana neno. Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu kilichomwinamisha mpaka nikasimama bila kujua nitafanya nini, kwa sababu hata kumpiga piga mgongoni haikuruhusiwa.

Alipopata pumzi akafuta machozi. "Mbuzi, mwambie. Sisi wakwe tukikaa pamoja tunaona haya. Basi. Hakuna anayekufa kwa haya. Nyinyi mbuzi mkikaa pamoja mnakufa. Alipaswa kutazama kinachotokea mkikutanishwa, ndipo aseme lazima au si lazima."

Nina cheti cha kazi hii. Nilikisomea miaka miwili, na mtihani wake una sehemu nzima kuhusu jambo hilo, ambayo nilifaulu.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama nimesharekebisha. Mwambie namwomba arudi apigwe picha."

Hapo aliacha kumenya. Nilisubiri mbuzi aambiwe kitu, lakini hakuambiwa. Mama mkwe aligeuka polepole juu ya kigoda chake mpaka akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya mke wangu, na uso umevimba kidogo chini ya macho. Sikujua niangalie wapi, kwa hiyo nikamwangalia yeye.

"Niliposikia imepotea nilifurahi," akaniambia. "Mama yangu alianza hivihivi. Kikohozi, akapigwa picha, akaambiwa saratani, hakumaliza miezi miwili. Mimi bila picha nina kikohozi tu."

Mpaka pale nilikuwa nimemwogopa meneja, nimemwogopa mke wangu, nimewaogopa shemeji zangu. Sasa niliogopa kwamba mama huyu atakufa akiwa ameketi kwenye kigoda hiki kwa sababu ya neno moja nililoliona la busara, kwa sababu nafasi ile ya ujasiri aliyoipata baada ya majuma matatu ya kubembelezwa niliipoteza mimi, na huenda asiwe na nyingine.

"Mama, mimi ninaogopa," nikasema. Lilikuwa jambo la kijinga kumwambia mgonjwa, lakini ndilo lililokuwepo.

"Nitakwenda," akasema, "kwa sharti. Wewe ndiye utakayeingia nami kwa daktari. Mwanangu atalia kabla daktari hajamaliza kusalimia, na wale wavulana watanificha. Ukiambiwa, uniambie hivyohivyo ulivyoambiwa. Usinizungushe."

"Sitakuzungusha, mama."

"Na hiyo sukari usimpe mbuzi."

Tulikwenda Jumatatu. Nilikuwa nimeibadilisha sera kuwa lazima, na kwa kuwa jumba la pili lilikuwa bado halijamaliza matengenezo, mfumo mzima ulikataa kuwaka siku ya Ijumaa na meneja alinipigia simu mara saba mpaka tukapata nafasi katika jumba la tatu. Sikujali. Asubuhi ile, picha ya mama mkwe ilipopigwa, nilikaa kwenye benchi la zahanati nikiangalia kwenye simu mpaka nakala zote mbili zilipoonekana kila moja kwenye jumba lake. Kisha nikamwomba muuguzi ainakili na kwenye flashi, nikaitia flashi mfukoni. Muuguzi aliuliza kama siuamini mfumo huu. Nilimwambia ninamfahamu aliyeuandika.

Majibu yalirudi saa tisa alasiri. Daktari alitukaribisha wote wawili, akatuonyesha viti viwili vilivyopangwa bega kwa bega, na tukakaa.

"Huyu ni mwanao, mama?"

"Mkwe wangu. Ndiye aliyeipoteza ile ya kwanza."

Daktari alikohoa kidogo na kuanza kuongea na mimi, kwa lugha ya madaktari, ile ya nusu Kiswahili nusu vitabu, na alipomaliza akamgeukia mama mkwe akamwambia asiwe na wasiwasi, tutajitahidi, dawa zipo. Mama mkwe aliniangalia mimi.

Nimelelewa nyumba ambayo habari mbaya huzungushwa mpaka zichoke. Kwetu mtu akifa, ndugu zake huambiwa "njoo, mgonjwa amezidiwa." Nilitamani kusema dawa zipo na kuishia hapo, na daktari angenishukuru.

"Si saratani, mama," nikasema. "Moyo wako umepanuka, hausukumi vizuri, ndiyo maana maji yamejaa kwenye mapafu na unakohoa. Kuna dawa ya kuyatoa maji, na nyingine ya moyo. Utazimeza kila siku maisha yako yote. Kikohozi kitapungua. Moyo hautarudi ulivyokuwa."

Daktari alinitazama kwa jicho lisilonipenda.

"Hautarudi," mama mkwe akarudia. "Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali kipimo cha nguo. Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akanishika mkono wa shati, akaegemea. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku ile. Nilisimama wima kama nguzo kwa hofu ya kumwangusha.

"Nilishagawa vitenge vyangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mafungu matatu, juu ya kitanda. Ikitokea nisirudi leo wavikute tayari. Sasa nikifika navirudisha sandukuni. Usimwambie mwanangu."

"Simwambii."

"Wewe huwa unapoteza vitu."

"Hili silipotezi, mama."

Mwezi uliofuata mke wangu alirudi kutoka Mkumbara na kitenge kikubwa cha zambarau, cha zamani, kilichotunzwa vizuri. Alikifunua mbele ya kioo, akajifunga, akageuka huku na huku. Alisema mama amempa tu bila sababu, ameanza kunenepa, anacheka, sijui kimemwingia nini. Kisha akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema kinakupendeza, nikatoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.